Maswali Yenu Kuhusu Vinasaba: Hiyo 9.3 Kwenye Ripoti Aliipanga Nani?

Mwezi huu karibu kila aliyeandika ameshika ripoti ya DNA mkononi anauliza haya majina ya ajabu ajabu na hizi namba zimetoka wapi, na nani alisema ziandikwe hivi na si vingine. Nimefurahi kweli, maana hili jambo nimelifanyia kazi maabara miaka mingi na watu wanaoliuliza ni wachache, wengi wanaruka moja kwa moja mpaka mstari wa chini kabisa kuangalia asilimia halafu wanakunja karatasi. Nimechukua barua sita, nyingine nimezifupisha kidogo, wenyewe mtanisamehe.

Shikamoo mwalimu. Mimi na mdogo wangu tulipimwa vinasaba kwa ajili ya mambo ya mirathi, mimi nikapimwa hapa Dar, yeye yuko Muscat akapimwa hukohuko. Ripoti zote mbili ninazo. Yangu ina mistari 24, yake 16, majina mengine yanafanana mengine kwake hayapo kabisa. D3S1358 ndiyo nini? vWA ndiyo nini? Na kwa nini yangu imeandikwa TH01 na yake THO1? Isije ikawa tumepimwa vitu tofauti. (Msomaji, Temeke)

Marahaba. Hamjapimwa vitu tofauti, ila maabara moja imetumia seti ya vipimo yenye alama nyingi (alama ni sehemu ya DNA inayopimwa, kila mstari wa ripoti ni alama moja) na nyingine imetumia ya zamani kidogo yenye alama chache, hilo ni kawaida sana.

Iko hivi. Kwenye DNA ya kila binadamu kuna sehemu ambazo neno fupi, mara nyingi la herufi nne, limejirudia mfululizo, AATG AATG AATG AATG, kama mtoto wa darasa la kwanza aliyeambiwa ajaze mstari. Sehemu hizo sote tunazo, palepale, lakini idadi ya kurudia ndiyo inatofautiana, huyu mara 6, yule mara 9. Na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, moja kutoka kwa baba moja kutoka kwa mama, ndiyo maana kila mstari una namba mbili, tuseme 15 na 17. Hiyo namba ni hesabu ya marudio tu, sio daraja wala alama ya mtihani, mtu mwenye 17 hajamzidi chochote mwenye 15.

Sasa majina. D3S1358 ukiikata vipande inasomeka vizuri kabisa: D ni DNA, 3 ni kromosomu namba 3, S ni kwamba kipande hicho kinapatikana sehemu moja tu kwenye jenomu, yaani DNA yote ya mtu, na 1358 ni namba ya foleni, yaani wakati kinasajiliwa kilikuta vingine vimeshatangulia kwenye kromosomu hiyo. Ni kama namba ya gari, haikwambii gari ni zuri au baya, inakwambia limesajiliwa lini kwenye mlolongo. D21S11 iko kromosomu ya 21 na ilisajiliwa mapema sana, ndiyo maana namba yake ndogo.

Nyingi ya zile zisizoanza na D zimepewa jina la jeni zilimolala ndani yake. vWA imo kwenye jeni ya von Willebrand, ile ya kugandisha damu, kromosomu ya 12. FGA imo kwenye jeni ya fibrinojeni kromosomu ya 4. TPOX kromosomu ya 2. Na ukisoma makala za zamani utakuta hiyo vWA moja imeandikwa vWF, kwingine vWA31, kwingine HUMVWFA31, yote ni kitu kimoja, na hapo ndipo unaona shida ilivyokuwa kabla watu hawajakaa mezani wakakubaliana.

Nije kwenye TH01. Hiyo ni sifuri, sio herufi O. TH ni jeni ya kimeng'enya kiitwacho tairosini haidroksilesi, kromosomu ya 11, na 01 ni kwa sababu marudio yako kwenye introni ya kwanza ya jeni hiyo, introni ni kipande cha ndani ya jeni kisichotumika kutengeneza protini. Aliyechapa ripoti ya mdogo wako amekosea herufi moja, na wewe unaona ni kitu kidogo kwa sababu una macho ya binadamu, ila kompyuta ya kulinganisha kumbukumbu ikiona TH01 huku na THO1 kule inasema hizi ni alama mbili tofauti, hailinganishi, inaruka. Kosa hili nimeliona mara nyingi mpaka kwenye maandishi ya wasomi wakubwa, na kila nikiliona naumia, kwa sababu ni mstari mzima wa ushahidi unapotea bila mtu kujua.

Kwa hiyo fanya hivi, chukua kalamu, weka tiki kwenye majina yaliyopo ripoti zote mbili, hayo ndiyo yanayoweza kulinganishwa. Na usiogope ukikuta mstari ambao namba zenu hazilingani hata moja, ndugu wa baba mmoja mama mmoja kabisa wanaweza wasifanane kwenye alama fulani, kila mmoja alichukua nakala nyingine ya mzazi. Hesabu ya undugu inapigwa kwa alama zote kwa pamoja, na hiyo waachie wataalamu, msiipigie hesabu sebuleni siku ya kikao cha ukoo.

Habari za kazi mwalimu, mimi nasoma mwaka wa pili maabara, niko Moshi. Kwenye mfano wa darasani TH01 ilikuwa 7 na 9.3. Mtu anarudiaje mara tisa na nukta tatu? Tulimuuliza mwalimu akasema ni kanuni ya kimataifa tukariri. (Mwanafunzi)

Usikariri mdogo wangu, elewa, hiyo ndiyo alama nzuri kuliko zote ya kuelewea mfumo mzima.

Hiyo nukta sio desimali. Narudia, sio desimali. 9.3 haimaanishi tisa na sehemu tatu za kumi. Inasomeka hivi: marudio 9 kamili, halafu zimebaki herufi 3 ambazo hazikutosha kufanya rudio la kumi. Ukiifungua hiyo aleli (aleli ni namna moja ya alama, ile inayopewa namba yake) unakuta AATG mara 6, halafu ATG peke yake, A imedondoka, halafu AATG tena mara 3. Piga hesabu: 6 na 3 ni 9 kamili, juu yake herufi 3. Sasa linganisha na aleli 10: hiyo ni herufi 40, na 9.3 ni herufi 39. Tofauti ni herufi moja! Kwa hiyo mashine lazima iweze kutofautisha vipande viwili vilivyopishana herufi moja tu, ikishindwa utaandika 10 mahali pa 9.3 na utakuwa umemtaja mtu mwingine. Na kwa kanuni hiyo utaelewa mwenyewe kwamba kwenye alama za herufi nne kuna 9.1, 9.2, 9.3 halafu inakuja 10, hakuna 9.4 wala 9.5, ukiona mtu kaandika 9.5 kwenye TH01 jua hajaelewa anachoandika. (Kuna alama nyingine, Penta D na Penta E, hizo ni za herufi tano na zinaweza kufika .4.) Aleli hii ya 9.3 kwa watu wa asili ya Ulaya ni nyingi sana, kwa watu wa asili ya Afrika ipo ila ni chache zaidi.

Nani aliamua? Kuna Jumuiya ya Kimataifa ya Jenetiki ya Uchunguzi wa Jinai, kwa kifupi ISFG, ilianzia Mainz, Ujerumani, mwaka 1968, wakati huo walikuwa watu wa makundi ya damu, DNA bado. Mwaka 1989 wakaunda Kamisheni ya DNA, na hiyo kamisheni kwenye miaka ya 1990, hasa mapendekezo ya 1994 na ya 1997, ndiyo ikaweka utaratibu: marudio kamili yanahesabiwa, kisichokamilika kinaandikwa baada ya nukta kwa idadi ya herufi, kama alama imo ndani ya jeni unasoma ule uzi wa jeni yenyewe, na kama haimo unafuata alivyoandika wa kwanza kuitangaza. Hilo la uzi ni muhimu kwa sababu DNA ina nyuzi mbili zinazotazamana, A inakaa na T, C na G, kwa hiyo AATG upande wa pili inasomeka CATT, na ukianzia herufi moja pembeni unaweza kuiita TCAT, na kweli wapo waliokuwa wanaiandika hivyo. Marudio ni yaleyale, majina matatu.

Halafu kuna ngazi ya aleli. Hii ni chupa ndogo yenye mchanganyiko wa aleli zinazojulikana za alama hiyo, zile zinazoonekana mara nyingi, unaipitisha kwenye mashine pamoja na sampuli zako, halafu unaangalia kipande cha mtu wako kimesimama sawa na kidato gani. Mashine yenyewe haihesabu marudio hata kidogo, inapima urefu tu, ngazi ndiyo inatoa jina. Kwa hiyo kilichofanya maabara ya Tokyo na ya Dodoma ziandike namba moja ni kwamba ngazi zote mbili zilipewa majina kwa kanuni moja.

Na nikupe la moyoni kama unaingia kazi hii. Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, sipataji, mtu alitengeneza jedwali zuri sana kwenye programu ya mahesabu, akapendezesha safu, akaondoa desimali ili namba zikae sawa. Zile 9.3 zote zikawa 9. Zile 32.2 za D21S11 zikawa 32. Hakuna aliyegutuka kwa sababu 9 ni aleli halali kabisa, ipo, watu wanayo, jedwali linaonekana safi halina hata kosa moja. Tuligundua siku ya tatu baada ya baba na mtoto ambao tayari tulikuwa tumeshawaona kwenye karatasi za mashine wanalingana kuonekana hawalingani. Na mahali pengine programu hizo hizo zinageuza 9.3 kuwa tarehe, tarehe 9 mwezi wa 3. Usidhani ni sisi tu, kamati ya dunia inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibidi mwaka 2020 ibadilishe majina ya jeni kama SEPT1 ikawa SEPTIN1 kwa sababu programu ya mahesabu ilikuwa inazigeuza kuwa Septemba. Kwa hiyo safu za aleli zote ziwekwe kama maandishi, sio namba. Andika kwenye daftari lako ukurasa wa kwanza.

Salaam. Mimi ni wakili, Mombasa. Nina shauri ambalo upande wa mashtaka unategemea DNA iliyopimwa maabara mbili kwa vipindi tofauti. Nimesoma mahali kwamba zamani maabara zilikuwa na mifumo tofauti ya namba. Je naweza kusema namba hizo haziaminiki? (Wakili)

Wakili salaam. Kwa heshima zote, kusema tu "zamani zilitofautiana" hakutakufikisha mbali, lakini kuna maswali ya kweli ya kuuliza na ni haki ya mteja wako yaulizwe.

Ni kweli zilitofautiana. Mfano mashuhuri ni hiyohiyo D21S11. Ndani yake marudio yamechanganyika, kuna TCTA kuna TCTG, katikati kuna vipande vya herufi mbili tatu vilivyojichomeka, sasa Uingereza, ambao ndio walianza kumbukumbu ya DNA ya taifa zima mwaka 1995, walichagua kuihesabu kwa herufi mbili mbili, wakati Ulaya bara kulikuwa na waliohesabu kwa nne nne. Matokeo yake mtu mmoja, damu moja, Ulaya bara ana namba ya 20 na kitu, Uingereza karibu 60. Hakuna aliyekosea kupima! Ilibidi yatengenezwe majedwali ya kugeuzia mpaka hatimaye wakahamia mfumo wa nne nne ambao ndio upo leo.

Baada ya hapo dunia ilikaza sana. Marekani walichagua alama 13 za msingi mwaka 1997 kwa ajili ya mfumo wao wa kumbukumbu za DNA uitwao CODIS, na tangu tarehe 1 Januari 2017 ni 20. Ulaya walikuwa na 7, mwaka 2009 wakakubaliana 12, kwa sababu nchi zilishaanza kutafutiana wahalifu kwenye kumbukumbu za wenzao na huwezi kutafuta kwa lugha mbili. Kwa hiyo kama maabara zako zote mbili zimetumia seti za kibiashara za miaka hii, namba ni lugha moja, hilo likubali ili nguvu zako uzipeleke panapostahili.

Panapostahili ni hapa: mwombe mtaalamu alete michoro ya mashine yenyewe, sio jedwali la mwisho tu, na aonyeshe ngazi ya aleli iliyopita pamoja na sampuli siku hiyo. Muulize kama kuna aleli iliyosimama nje ya ngazi na aliipaje jina. Na kama seti mbili zimetofautiana kwenye alama moja tu, hapo pana jambo la kitaalamu la kawaida kabisa, kila kampuni inaweka praima zake, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha kipimo kianzie na kiishie wapi, mahali pake pembeni ya marudio, na kama mteja wako ana badiliko la herufi palepale praima inaposhika, aleli hiyo haitaonekana kwa seti hiyo, itaonekana kwa nyingine. Au pembeni ya marudio herufi zimepungua, urefu ukapungua, namba ikashuka, wakati marudio yenyewe yapo yote. Hayo yanaelezeka na lazima yaelezwe mbele ya hakimu kwa lugha anayoielewa, na mtaalamu akishindwa kuyaeleza hilo ni lake kujibu, sio la mteja wako.

Kaka habari, mimi ni mtu wa Pemba ila naishi Toronto miaka mingi. Nilipima kromosomu Y kutafuta asili ya ukoo. Kampuni moja imeniandikia DYS389II ni 29. Binamu yangu wa kwa baba kapima kwingine kaandikiwa 16. Wazee wanasema babu yetu ni mmoja. Sasa nani mwongo? (Mpemba wa Toronto)

Hakuna mwongo na wazee wako sahihi mpaka hapo. Tafuta kwenye hizo karatasi mstari wa DYS389I, nadhani utakuta 13. Sasa 29 toa 13 unapata ngapi? 16.

Alama hii iko kwa namna ya pekee, DYS389I imo ndani ya DYS389II, kama chumba ndani ya nyumba. Praima ya mbele inashika mahali pawili, kwa hiyo ukipima II umepima nyumba nzima na chumba kikiwemo. Wengine wanaandika nyumba nzima, 29, wengine wanatoa chumba wanaandika kilichobaki, 16. Kanuni ya uchunguzi wa jinai ni kuandika nzima. Kamisheni ya ISFG iliandika juu ya alama za Y mwaka 2001 na ikarudia kwa urefu mwaka 2006, na sababu kubwa ilikuwa vurugu kama hizi, kwa mfano Y-GATA-H4 ambayo watu walitofautiana kama zile herufi za pembeni ambazo hazibadiliki kwa mtu yeyote zihesabiwe au zisihesabiwe, basi huyu anazidi, yule anapungua, kila siku.

Kabla hamjagombana kwenye grupu la familia, hakikisheni pia DYS385. Hiyo kipande chake kipo mara mbili kwenye Y moja, kinaandikwa kwa kistari kama 11-14, na mashine haijui ipi ni ya kwanza ipi ya pili, wanaanza na ndogo tu. Mkilinganisha kila kitu kwa kanuni moja ndio mtajua babu ni mmoja au la, na ninyi wa Y msisahau kwamba hiyo inafuata mstari wa baba peke yake, shangazi zenu hawamo.

Mwalimu mambo, mimi naandika programu, Nairobi. Siku hizi mashine zinasoma herufi zote za DNA. Kwa nini bado mnahangaika na 12 na 9.3? Si mhifadhi tu mfuatano wote wa herufi, mambo yaishe? (Mwandishi programu)

Poa kabisa, na hili ndilo swali nililolisubiri, kaa vizuri.

Mashine ya zamani ilipima urefu tu. Mashine mpya inasoma herufi moja moja, na tulipoanza kusoma tukakuta kwamba watu wawili wote wenye 20 kwenye D12S391 wanaweza kuwa hawafanani hata kidogo ndani, mmoja ana AGAT nyingi na AGAC chache, mwingine kinyume chake, jumla ndiyo 20. Hiyo ni faida kubwa sana hasa kwenye sampuli zenye mchanganyiko wa watu, unaweza kumtenganisha mtu na mtu ambao kwa urefu walikuwa wamelaliana. Lakini papo hapo tukarudi palepale pa miaka ya 1990: kitu kipya, kila maabara inakiita jina lake.

Uangalie mfano mmoja kwa karibu, D13S317. Neno lake ni TATC linarudia, tuseme mara 11, halafu baada yake zinafuata AATC AATC ambazo kwa kawaida hazihesabiwi, ni pembeni. Sasa kuna watu wengi tu ambao ile A ya kwanza ya pembeni imegeuka T. Angalia kilichotokea: AATC ya kwanza imekuwa TATC, imejiunga na foleni! Ukiandika programu yako ihesabu TATC zilizofuatana itakwambia 12. Mashine ya urefu itakwambia 11 kwa sababu hakuna herufi iliyoongezeka. Mtu huyo yuko kwenye kumbukumbu ya taifa kama 11 tangu miaka kumi iliyopita, wewe umemsoma leo kwa mashine ya kisasa ya mamilioni umemwandika 12, na kompyuta inasema sio yeye. Umempoteza mtu kwa sababu ya jina tu, na kila kitu kingine ulifanya sawasawa.

Ndiyo maana Kamisheni mwaka 2016, ripoti iliyoongozwa na Walther Parson wa Innsbruck, Austria, ikasema mambo ya msingi ambayo mimi nayaunga mkono kwa moyo wote. Hifadhi mfuatano mzima kama ulivyosomwa, usihifadhi kifupi peke yake. Soma uzi wa mbele wa jenomu ya rejea, yaani ile DNA ya mfano ambayo wote wanalinganishia, kwa wote, hata kama kanuni ya 1997 ilikuwa inasoma uzi mwingine. Sema umeanzia wapi ukaishia wapi kwa kutumia anwani za jenomu ya rejea, GRCh38. Na ile namba ya urefu, ile 11, ibaki mbele ya jina, ili rekodi zilizokwisha kukusanywa zisiwe takataka. Kwa hiyo jina kamili linakuwa na alama, namba ya urefu, toleo la rejea, anwani, halafu marudio kwa mabano kama [TATC]11, ni refu ndiyo, ila limekamilika.

Hilo la anwani hapa Tanzania tunalielewa vizuri. Kabla ya ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 mgeni ulikuwa unamwelekeza "ukifika kwenye mwembe, nyumba ya tatu yenye geti la bluu", na ilifanya kazi kwa anayeujua mwembe. Kwenye DNA nako ilikuwa hivyo, "anzia praima ya fulani". Sasa kuna namba ya mtaa na namba ya nyumba. Na GRCh38 sio ya milele, iliyotangulia ilikuwa GRCh37 na anwani za nyumba zilezile zilikuwa tofauti, ndiyo maana lazima utaje toleo.

Kazi haikuisha 2016. Kikaundwa kikundi kinaitwa STRAND, wakakutana 2019 kuzipitia alama moja baada ya nyingine wakubaliane mwanzo na mwisho wa kila moja, na mwaka 2024 Kamisheni ikatoa mapendekezo mengine ya majina ya mfuatano. Kuna hazina ya mifuatano inayoitwa STRSeq inayosimamiwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na kuna STRidER inayokagua takwimu za aleli. Wapo pia wanaotaka kila mfuatano upewe kifupi kinachozalishwa na kompyuta, herufi chache tu. Nakujibu swali lako hapo: kuhifadhi mfuatano wote peke yake ni sahihi kwa kompyuta, lakini ofisa lazima asome jina mahakamani, akiliandika kwa mkono, akimwambia mwenzake kwenye simu, na herufi mia mbili za A na T hazisomeki kwenye simu. Tunahitaji vyote, jina la mdomo na herufi za ndani ya boksi, na jina likibadilika kesho herufi ziwepo za kulijenga upya. Ukiandika programu, tafadhali sana, usitupe mfuatano baada ya kupata namba, hifadhi ni bei rahisi kuliko kesi iliyoharibika.

Na niseme moja linaloniuma. Binadamu wenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba duniani ni sisi wa Afrika, hilo linajulikana. Maana yake aleli zisizo kwenye ngazi, mifuatano ambayo hakuna aliyewahi kuipa jina, nyingi ziko huku, Kigoma, Turkana, Kivu. Mfumo wa majina ukipangwa bila sampuli zetu za kutosha, watu wetu watakuwa ndio wanaotoka "haijulikani" kila wanapopimwa. Maabara zetu zikikutana na aleli mpya zisiitupe kama kosa la mashine, zirudie, ziithibitishe, ziipeleke iandikishwe. Nyinyi mnaojua kompyuta mna nafasi kubwa sana hapo, kuliko mnavyodhani.

Mwalimu naomba unisaidie, mume wangu alitaka mtoto apimwe, tukapitia ustawi wa jamii kama sheria inavyotaka. Majibu yamesema ni baba yake lakini kuna mstari mmoja, FGA, namba hazilingani na ndugu zake wameshika hapohapo, wanasema maabara imehongwa. Mtoto ana 21 na 25, mimi nina 21 na 22, mume ana 23 na 24. Silali. (Mama, Mwanza)

Pole sana mama. Nakueleza kwa namba zako mwenyewe ili uwaeleze na wao.

21 ya mtoto imetoka kwako, hiyo ipo. Iliyobaki ni 25 na lazima itoke kwa baba, na baba ana 24. Imepishana rudio moja. Marudio haya wakati mwili unatengeneza mbegu huwa yanakosewa kunakili, rudio moja linaongezeka au linapungua, kwa alama moja ni kama mara 1 hadi 3 kwa kila urithishaji 1000, alama nyingine zaidi nyingine chini ya hapo. Sasa mnapimwa alama 20 na zaidi kwa pamoja, familia nyingi zinapita kila siku, lazima hali hii itokee kwa watu, na nyinyi imewatokea. Kwa kawaida kabisa mstari mmoja uliopishana hatua moja hautoshi kumkataa baba, maabara inauingiza kwenye hesabu pamoja na mistari mingine yote iliyolingana, na ukikuta hesabu imekaa juu hata baada ya kuutoza ule mstari basi ni baba yake. Asiye baba kwa kawaida hapishani mstari mmoja, anapishana mingi, na kwa hatua za kila aina.

Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009 ndiyo iliyowapitisha ustawi wa jamii, kwa hiyo rudi kwa afisa yuleyule, nenda na mumeo ikiwezekana na mmoja wa hao ndugu, muombe maelezo ya huo mstari wa FGA mbele yenu wote. Waulize kama wameongeza alama nyingine kuthibitisha, mara nyingi wanaweza. Mkipewa jedwali, lihesabuni pamoja mstari kwa mstari kama tulivyofanya hapa, mkianza na ile iliyolingana.